Sifa za Makamasi

Kariakoo, kinachosifiwa ni kinachouzika. Pita Mtaa wa Kongo uwasikie vijana wakimwaga sifa juu ya soksi ambazo hazitafika Ijumaa. Makamasi hayauziki, kwa hiyo hayana mpiga debe. Basi leo nayapigia debe mimi, bila malipo.

Tunayajua kwa kuyasimanga tu. Mtoto akichuruzika, anayelaumiwa ni mama yake. Mtu mzima akivuta kamasi ndani ya daladala, abiria wote wanageukia dirishani. Hakuna anayeuliza kamasi hilo limefanya kazi gani tangu alfajiri.

Piga hesabu ya kinachoingia puani toka Mnazi Mmoja hadi Soko Kuu: vumbi, moshi wa bodaboda, unga wa pilipili manga, na chafya ya bwana aliyejitwika furushi mbele yako, yenye vijidudu visivyo na idadi. Vyote vinapita bila kibali, vikaishie kwenye ute mwembamba, sehemu kubwa maji, uliotandazwa toka puani hadi kifuani. Vikinasa, vimenasa. Chini yake vijinywele visivyoonekana kwa macho vinapiga kasia zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vikisogeza mzigo kuelekea kooni, milimita chache kila dakika, usiku na mchana. Kooni unaumeza bila habari, asidi ya tumbo inamalizia. Naam, mheshimiwa msomaji, makamasi yako umeshayala leo. Karibu tena.

Tena kamasi si mlinzi wa kusinzia getini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walieleza walichokiona kwenye koo za nguruwe (wapenzi wa kitimoto mtulie): bakteria walipofika humo, njia ya hewa iliongeza maji yake ili kuwakabili. Nguruwe waliozaliwa na hitilafu ya kurithi, ile inayofanya ute ugande na kuziba mapafu, hawakuongeza kitu. Kwa hiyo pua ikianza kukuchuruzika, usiseme imekuharibikia. Imeitika.

Vita vikikolea, kamasi huwa zito na kuvaa njano na kijani. Watani zangu wa soka wa Mtaa wa Msimbazi msianze kucheka. Kijani hicho kinatokana na kimeng'enya chenye madini ya chuma, kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu zilizofia kazini. Ni sare ya mashujaa, na klabu ya Jangwani, yenye rangi hizo hizo, ina haki ya kujivunia.

Silaha pia linazo. Mwaka 1921, jijini London, Alexander Fleming akiwa na mafua aliweka kamasi lake mwenyewe kwenye sahani ya bakteria, na bakteria wakayeyuka. Hivyo ndivyo alivyoigundua lisozaimu, miaka saba kabla ya penisilini. Ukungu uliotoa penisilini ukapata umaarufu dunia nzima. Kamasi halikualikwa hata kwenye picha.

Najua, linakera. Linaziba pua saa nane usiku, halafu linachuruzika mbele ya wakwe. Lakini mvuta sigara anayelalamikia kikohozi cha asubuhi ajiulize nani aliyevilemaza vile vijinywele.

Anayeijua hasa thamani ya kamasi ni panya buku. Shirika la APOPO, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huwafunza panya hao kunusa makohozi, yaani makamasi ya kifuani, yanayoletwa toka zahanati, za Dar es Salaam zikiwemo, ili kubaini kifua kikuu. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Kohozi ulilolitema kwa aibu, umejificha nyuma ya mlango, linapewa namba, linasafirishwa na kupokelewa na wataalamu. Nani kati yetu amewahi kunuswa kwa heshima hiyo? Panya akipatia, hupewa chakula kitamu. Mgonjwa hupewa dawa za miezi sita bila malipo. Kohozi, lililowakutanisha, hutupwa.