Utalii wa Mshikaki

Wapo vijana wa Nairobi wanaochanga miezi na miezi wapate nauli ya ndege hadi Vietnam. Wakifika hukodi pikipiki, hutia begi mgongoni na kuparamia milima ya Hà Giang. Wakirudi husimulia vumbi, kona na mvua kama mahujaji. Hongera zao.

Sisi wa Machakos huduma hiyo iko pale stejini. Unapatana na mtu wa boda, anakupandisha Milima ya Iveti, na vumbi hulipii. Mzigo upo pia: gunia la mbaazi, na siku nyingine mbuzi, ambaye hajawahi kulalamikia huduma. Sheria inataka abiria mmoja tu, tena mwenye kofia ya kinga na koti la kuakisi mwanga. Wanaopakiwa watatu mshikaki, bila shaka, wako kwenye ziara ya kikundi.

Mnataka maajabu? Nendeni Kyamwilu, kilima cha Kituluni, kama kilomita 12 kutoka mjini. Maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima. Wataalamu husema ni macho yanayohadaiwa na umbo la ardhi. Mtu wa boda hana muda wa ubishi huo: petroli ni petroli, na nauli haijawahi kuteremka, hata kwa macho.

Basi mpenda misukosuko asijisumbue na viza. Aje msimu wa masika, aelekee Mwala. Pasipoti hatuulizi, tunachoomba ni chenji, maana noti ya elfu moja huku ni pambo.