Kisu cha Baba na Ukoo wa Ibach

Kisu cha kukunja cha baba, chekundu chenye msalaba mweupe, kilikuwa fundi wa nyumba nzima. Kilifungua makopo ya maziwa, kilimenya maembe, kilikaza skrubu za swichi. Mjomba alipokwenda Mwanza harusini, alikitia kwenye begi la mkononi. Uwanja wa ndege, sehemu ya ukaguzi, kikachukuliwa na hakikurudi.

Nyumba ikachafuka. Baba akagoma kukaa sinia moja na shemeji yake, mama akasimama na kaka yake, mjomba akahamia barazani na mkeka wake. Ugomvi huo ndio ulionifanya niisome historia ya waliokitengeneza kisu chenyewe.

Mwaka 1884 Karl Elsener alifungua karakana ya visu Ibach, jimbo la Schwyz, Uswisi. Mama yake, Victoria, alimuunga mkono. Askari wa nchi yao wakati huo walibeba visu vya Solingen, Ujerumani. Mwaka 1891 Elsener akalipelekea jeshi visu vya kwanza vilivyofuliwa nchini mwao. Washindani wa Solingen wakauza kwa bei ya chini, naye akazama kwenye madeni. Jamaa zake wakamshika mkono, hakuanguka. Mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa, chepesi, chenye nyenzo pande zote mbili za mpini. Victoria alifariki mwaka 1909, na mwanawe akaipa chapa yake jina la mama. Chuma kisichoshika kutu kilipoingia karakanani, mwaka 1921, chapa ikawa Victorinox.

Marufuku iliyokula kisu chetu iliwahi kuutikisa ukoo huo pia. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, visu vilizuiwa ndani ya ndege, na maduka ya viwanja vya ndege, yaliyokuwa wateja wakubwa, yakaacha kuviuza. Mauzo ya visu vya mfukoni yakaporomoka. Warithi wa Elsener hawakumfukuza mfanyakazi hata mmoja. Baadhi ya wafanyakazi waliazimwa kwa kampuni nyingine mpaka kazi irudi, na Victorinox ikatia nguvu zaidi kwenye saa na mabegi.

Jioni moja nikawasimulia wote. Shangazi akamgeukia baba.

"Kaka, hao biashara iliwayumbia wakashikana na watu wao. Wewe kisu kimoja tu unamtoa shemeji yako sebuleni? Undugu ni kufaana, si kufanana."

Baba akatafakari, kisha akaita kuelekea barazani: "Shemeji, njoo ule. Chakula kinapoa."

Ukoo wa Ibach umeishi zaidi ya karne kwa sababu kila shida ilipogonga, hapakutafutwa mtu wa kutupwa nje. Kisu kingine kitanunuliwa mwisho wa mwezi. Mjomba hauzwi dukani, na nyumba inayojua hilo ina mtaji ambao mkaguzi yeyote hawezi kuuchukua.