Buti Lenye Kinga: Waraka Kutoka Texas

Haki ya mfanyakazi kuhifadhi bunduki ndani ya gari aliloliegesha kazini ni tawi la sheria ambalo halijapata jina la Kiswahili, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kulihitaji, na waraka huu unaotumwa kutoka Texas kwa jamaa waliobaki Tanga, Mombasa, Bukavu na kwingineko unakusudia kuziba pengo hilo. Kwa mujibu wa desturi ya barua, inafaa itangulizwe kwamba Waswahili wa huku ni wazima wa afya, na kwamba hofu na mashaka, ambayo kwa kawaida huelekezwa kwa walio mbali na upeo wa macho, safari hii yanaelekezwa kwa maegesho ya magari yaliyo hatua chache tu nje ya dirisha.

Sheria zenyewe, ambazo Wamarekani wamezoea kuziita sheria za maegesho, zimekwisha kupitishwa kwa sura mbalimbali katika majimbo zaidi ya 20 kati ya 50. Ya Texas, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2011 na kuwekwa ndani ya kanuni za kazi za jimbo hilo, si ndani ya sheria za silaha kama msomaji angetarajia, inasema kwamba mwajiri haruhusiwi kumkataza mwajiriwa anayemiliki bunduki kihalali kuisafirisha au kuihifadhi, pamoja na risasi zake, ndani ya gari binafsi lililofungwa na kuegeshwa mahali ambapo mwajiri amewatengea wafanyakazi wake. Mpaka wa haki hiyo ni bati la mlango wa gari: bunduki ikiwa ndani ya buti, chini ya kiti au katika kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, mwajiri hana kauli juu yake, lakini ikivuka lami na kuingia jengoni, hata kama mwenyewe anafuata maji ya kunywa tu, mwajiri anarudishiwa enzi yake yote. Gari la mfanyakazi, kwa lugha nyingine, limekuwa mfano wa ubalozi, ambao ardhi ni ya mwenyeji ilhali mlango si wake kuufungua, na balozi mwenyewe ni bastola.

Uzito wa kinga hii hauwezi kueleweka bila kueleza kwanza fundisho ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa ajira ya ridhaa, yaani kanuni ya kwamba mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi wakati wowote, kwa sababu nzuri, kwa sababu mbaya au bila sababu kabisa, ilimradi sababu hiyo isiwe miongoni mwa zile chache zilizokatazwa, kama vile rangi, dini, jinsia, umri au ulemavu. Kanuni hiyo imeenea kote Marekani isipokuwa Montana, ambayo tangu 1987 humtaka mwajiri awe na sababu ya maana pindi muda wa majaribio unapokwisha. Msomaji wa Tanzania, ambaye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imemzoesha kuamini kwamba hawezi kutimuliwa bila sababu halali na utaratibu wa haki, na yule wa Kenya mwenye Sheria ya Ajira ya 2007, watapata taabu kuamini kwamba Texas mtu anaweza kupoteza kazi kwa kuishabikia timu asiyoipenda bosi wake, au kwa sababu bosi ameamka vibaya, na kwamba wakili atakayeendewa atasikiliza kisa chote kwa huruma kisha atamsindikiza mteja wake hadi mlangoni. Katika orodha ile fupi ya mambo ambayo mwajiri ameambiwa asiyaguse, bunduki iliyofungiwa garini imejipatia kiti, tena cha mbele.

Mtafiti wa Kiswahili akiisoma sheria hiyo kwa makini ataona jambo ambalo wachambuzi wa Kimarekani hawajalipa uzito unaostahili, nalo ni kwamba kinachotajwa ni bunduki na risasi, basi. Panga halimo. Tangu Septemba 2017 Texas imewaruhusu watu wazima kubeba visu virefu katika sehemu nyingi za hadharani, na mapanga yamo katika ruhusa hiyo, lakini ruhusa ya kubeba kitu si sawa na kinga dhidi ya mwajiri asiyekitaka kitu hicho uani kwake, kwa hiyo mfanyakazi aliyesahau ndani ya buti panga la kufyekea nyasi za nyuma ya nyumba anaweza kuadhibiwa na kanuni za kampuni, ilhali jirani yake mwenye bunduki mbili za nusu otomatiki atakunja mikono na kumpa pole. Hali ya mbuzi ya kukunia nazi ni mbaya zaidi, maana kifaa hicho, chenye meno ya chuma upande mmoja na kiti upande wa pili, hakijawahi kuelezwa na bunge lolote la Marekani, na mlinzi atakayekiona kwa mara ya kwanza atakuwa na haki ya kutaka maelezo. Kuhusu dagaa wa Kigoma walionunuliwa duka la Waafrika asubuhi na kuachwa garini hadi jioni katika joto la Houston la mwezi Agosti, inatosha kusema kwamba hakuna ibara inayowalinda, na pengine hapo sheria ina busara yake.

Chimbuko la mkasa wote liko Valliant, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Oklahoma, nchi ya misitu na wawindaji wa kulungu, ambako kampuni ya Weyerhaeuser ilikuwa na kiwanda cha karatasi. Tarehe 1 Oktoba 2002 uongozi, ukiwa umeingiwa na wasiwasi wa dawa za kulevya, ulileta mbwa wa kunusa katika maegesho, magari yakafunguliwa, na kilichopatikana kikawa ni bunduki, jambo ambalo katika mji wa wawindaji halikupaswa kumshangaza yeyote, sawa na kukuta nyavu katika nyumba za Bagamoyo. Wafanyakazi wapatao 12, baadhi yao wakiwa wa wakandarasi, walipoteza kazi kwa kuvunja kanuni iliyokuwa imepanuliwa karibuni ili ifike hadi maegeshoni. Waliposhtaki walishindwa, kwa sababu wakati huo kampuni ilikuwa na haki zote mbili, ya kumiliki ardhi na ya kufukuza mtu, lakini bunge la Oklahoma lilikuwa limekwisha kusikia kilio na mwaka 2004 likapitisha sheria ya kuwazuia waajiri kukataza silaha zilizofungiwa garini.

Kilichofuata kinaweza kuwafurahisha wanafunzi wa siasa, maana chama cha Republican, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa zizi moja la mafahali wawili, yaani wafanyabiashara wanaotaka serikali isiwaingilie katika mali zao na wenye bunduki wanaotaka serikali isiwaingilie katika bunduki zao, kilijikuta mafahali hao wamekabana pembe katika eneo lenye nafasi moja tu ya kuegesha. Kampuni ya mafuta ya ConocoPhillips ilikwenda mahakamani kuipinga sheria. Nacho Chama cha Taifa cha Bunduki, kinachojulikana kwa herufi NRA, mwaka 2005 kikawataka wanachama wake waisusie petroli ya kampuni hiyo, hivyo kwamba mwindaji mzalendo alilazimika kupita kituo kimoja cha mafuta na kwenda kingine ili bunduki yake ifike kazini kwa dhamiri safi. Mwaka 2007 jaji wa shirikisho mjini Tulsa aliizuia sheria akisema kwamba inagongana na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 1970, ambayo inasimamiwa na wakala uitwao OSHA, jina lilelile la wakala wa Tanzania wenye kazi ileile. Februari 2009 mahakama ya rufaa yenye makao yake Denver iliutengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba OSHA ya Marekani haikuwa imeweka kiwango chochote kuhusu bunduki maegeshoni, na kwamba mahakama haiwezi kuligeuza agizo la jumla la kumtaka mwajiri aondoe hatari kazini likawa katazo la bunduki. Ngazi, kofia ngumu na sakafu yenye utelezi vimetungiwa kanuni za kutosha. Bunduki imepita katikati yake kama paka.

Florida, ambako sheria kama hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2008, inastahili kutazamwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huko, ambako kinga ilitungwa kwa ajili ya wenye leseni ya kubeba silaha kwa kificho, mwajiri haruhusiwi hata kuuliza, kwa mdomo wala kwa maandishi, kama gari la mfanyakazi lina bunduki, na hivyo amewekwa katika hali ya mkwe anayejua kila kitu lakini adabu inamfunga mdomo. Ya pili ni fataki. Sheria hiyo ilitoa misamaha kwa shule, magereza, mitambo ya nyuklia na waajiri wenye kibali cha shirikisho cha kushika vilipuzi, na Walt Disney World, ambayo hurusha fataki usiku juu ya kasri la Cinderella na kwa ajili hiyo ina kibali, ilitangaza kwamba yenyewe imo katika msamaha na kwamba bunduki zitaendelea kukatazwa katika maegesho yake. Mlinzi mmoja aliyejitokeza hadharani kuipinga tafsiri hiyo alifukuzwa kazi. Kwa namna hiyo panya mwenye masikio makubwa alifanikiwa pale ambapo makampuni ya mafuta yalishindwa, na baruti ikawa ndiyo iliyozuia bunduki.

Mgeni kutoka Afrika Mashariki huyapokea mambo haya akiwa na mazoea ya kinyume kabisa. Aliyekulia Nairobi amezoea kwamba soja wa getini, akiwa na kioo chake cha kumulika chini ya gari, atataka buti lifunguliwe hata kama mwenye gari amekuja kununua maziwa, na mkono wake huenda wenyewe kwenye kifungo cha buti kila anapoona mtu mwenye sare. Texas imeamua tofauti: sheria inatamka kwamba mwajiri hana wajibu wa kukagua wala kulinda maegesho au magari yaliyomo, kwa hiyo mgeni anayefungua buti bila kuombwa humtia mlinzi mashaka makubwa kuliko asiyelifungua. Vibao navyo vina elimu yake. Mwenye biashara anayetaka kuwazuia wenye leseni wasiingie na bastola lazima aandike maneno kamili ya sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja, na matokeo yake ni kibao kirefu kama hati ya mirathi. Kwenye baa hutundikwa kibao chenye maandishi mekundu ya asilimia 51, ambacho mgeni mwenye njaa ya bei nafuu anaweza kukidhania tangazo la punguzo, kumbe maana yake ni kwamba mahali hapo hupata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kutokana na pombe inayonywewa papo hapo na kwa hiyo bastola haziruhusiwi.

Wapo jamaa wanaouliza kama ndugu zao wa ughaibuni nao wamenunua bunduki. Jibu linategemea karatasi. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza na kupata ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki bunduki kama raia, lakini mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza ya muda amekatazwa na sheria ya shirikisho, isipokuwa kwa misamaha michache ambayo maarufu zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji, hivyo kwamba mwanafunzi wa uhasibu kutoka Morogoro, akitaka silaha, hana budi kwanza kupata karatasi inayomruhusu kumwinda kulungu. Wengi wameona ni rahisi zaidi kuendelea na uhasibu. Jambo lingine halisemwi sana: sheria inalizungumzia gari, na lazima liwe binafsi na limefungwa, kwa hiyo anayefika kazini kwa basi au baiskeli, na wageni wapya ni wengi katika kundi hilo, hana buti na kwa hiyo hana ubalozi.

Hoja ya watetezi inafaa itajwe kwa haki, nayo si ya kipuuzi, maana anayekatazwa kuacha bunduki maegeshoni amekatazwa pia kuwa nayo njiani kwenda na kurudi, na kwa muuguzi anayetoka zamu saa nane usiku na kuendesha kilomita 60 peke yake njia hiyo ni ndefu. Lakini wezi nao wanasoma sheria, au angalau wanasoma vibandiko vya nyuma ya magari, na polisi wa miji kama Nashville hawachoki kuwasihi wenye magari wasilaze bunduki humo, kwa kuwa nyingi zaidi huibwa kutoka magarini kuliko majumbani. Balozi, inaonekana, hutekwa nyara mara kwa mara, na hakuna anayelipa fidia.

Mwisho kuna swali la kama walioko Texas watakuja kwenye harusi ya Desemba, ambalo limeulizwa katika kila ujumbe wa sauti tangu mfungo. Tanzania humpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na mama aliyejifungua humpa siku 84; sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kutoa hata siku moja ya likizo ya kulipwa, na Texas haikuongeza kitu. Kwa hiyo wanaosubiri Tanga wanaarifiwa kwamba ombi la wiki tatu limepelekwa kwa idara ya rasilimali watu, ambayo imejibu kwa upole kwamba nafasi ya kuegesha itaendelea kuwepo, ila ya kazi haina hakika nayo.