Korongo wa Miguu Midogo

Hapo zamani, mashariki ya mbali, kwenye mto wenye maji ya rangi ya udongo wa manjano, palikuwa na ufalme wa korongo wakulima. Wazee wa ufalme huo, baada ya kushauriana miaka na mikaka, walikata shauri kwamba korongo jike mwenye nyayo pana ni fedheha kwa ukoo, na kwamba wa kuposwa ni yule tu ambaye wayo wake hauzidi inchi 3.

Basi kinda jike alipotimiza miaka mitano au sita, mama yake alimkalisha kitini, akapiga moyo konde, akamkunjia vidole chini ya wayo, akiacha kidole gumba peke yake, kisha akamzungushia kitambaa kirefu na kukikaza siku baada ya siku hata mifupa ikaalika. Kinda alilia, na mama naye alilia, na huku akilia alizidi kukaza, kwa kuwa aliijua bei ya nyayo pana mbele ya washenga. Wazee waliuita mguu wa namna hiyo urembo. Hawakutaja kwamba asiyeweza kwenda mbali hukaa kitako, na akaaye kitako husokota pamba tangu alfajiri hadi taa izimwe. Wala sidhani kwamba walisahau.

Kwao korongo jike alimtii baba, kwa mume alimtii mume, na akifiwa alimtii mwana aliyemnyonyesha mwenyewe. Kitabu cha nasaba kiliwataja madume kwa majina. Yeye aliandikwa mke wa fulani, binti wa ukoo fulani, basi. Mjane kijana aliyekataa kuolewa tena mpaka akazeeka kwa dhiki alijengewa lango la mawe yaliyochongwa kwa ufundi mkubwa. Mawe yalipatikana, mchele wa kumlisha ndio uliokuwa adimu.

Ikafika zamu ya ufalme kuona haya mbele ya ndege wa ng'ambo, na amri ikatoka kwamba miguu midogo ni marufuku. Wakaguzi, wajukuu wa wazee wale wale, wakaingia vijijini, wakawafungua majike vitambaa hadharani na kuwatoza faini. Ajuza mmoja, ambaye vidole vyake vilikuwa vimezama katika nyama ya wayo, aliuliza atasimamaje bila kitambaa. Hakujibiwa. Alilipa faini kwa pamba aliyoisokota mwenyewe, na stakabadhi ikaandikwa kwa jina la marehemu mumewe.