Utukufu wa Sehemu Moja ya Kumi

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu amejitwika kwa hiari yake, ni chache zilizodhulumiwa heshima kama kusogeza alama katika programu ya kuandika nota, yaani programu ya kompyuta inayochora muziki juu ya mistari mitano, kwa kuwa wanaoifanya huilaani, wasioifanya hawajui kama ipo, na waimbaji wanaofaidika nayo hudhani kwamba alama zilijikalia zenyewe mahali pake. Lusiano wa Samosata alimsifu nzi, na sifa za upumbavu alizoziandika Erasmus zilichapishwa mwaka 1511, kwa hiyo haitakuwa aibu kuisifu kazi ambayo husumbua kuliko nzi na ambayo upumbavu wenyewe usingeikubali bila malipo.

Msomaji aliyezoea leso ataielewa upesi. Leso huwa na pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Na karatasi ya kwaya nayo ina mji wake, ambao ni nota, na jina lake, ambalo ni maneno yanayoimbwa. Leso ambayo jina lake limepanda likagusa mji haitamaniwi na mnunuzi yeyote wa Ukunda, lakini karatasi ya kwaya yenye kasoro hiyohiyo hugawiwa watu arobaini na kuitwa muziki. Mwalimu wa Msambweni anayeandaa wimbo wa Kiswahili au wa Kidigo kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927, hukutana na balaa hili mapema, kwa sababu maneno ya lugha hizi ni marefu na kila silabi hudai nota yake. Neno «wanapopendana» hukatwa vipande sita, wa-na-po-pe-nda-na, na vistari vidogo kati yake, na programu, kwa kuogopa vipande visigongane, huzitawanya nota mpaka kipimo kimoja kinajaza mstari mzima kama feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Mwenye pupa, akifuata mkato wa lugha za kigeni, huandika «pen-da» badala ya «pe-nda», na mwanakwaya mtiifu hufumba kinywa katika herufi ya n na kung'ang'ana nayo kwa mapigo matatu, akivuma kama nyuki. Kipande hicho cha herufi moja kilichokaa upande usio wake kimewanyima wasikilizaji irabu nzima, jambo ambalo wenye kudai kwamba mahali pa alama ni urembo tu wangefaa kulitafakari.

Baada ya maneno huja herufi p, kifupisho cha neno la Kitaliano linaloagiza kuimba kwa sauti ya chini, ambayo hupenda kukaa palepale penye mkia wa nota ya alto. Katika programu ya MuseScore, kugusa mshale wa kibodi mara moja huisogeza alama ya namna hiyo kwa sehemu moja ya kumi ya nafasi iliyopo kati ya mstari mmoja na mwingine, umbali ambao jicho la mtu aliyekwisha kula chakula cha usiku haliwezi kuuona. Mwalimu hugusa mara kumi na nne, akaokoka na mkia. Akigusa mara ya kumi na tano huingia katika upinde, ule mstari uliopinda unaofunika nota zinazoimbwa kwa kuunganishwa. (Mbega wa Diani, ambao ni weusi na weupe kama nota zenyewe, wametundikiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasikanyagwe na magari, na hakuna aliyewahi kusema kwamba madaraja hayo yangefaa popote yalipoangukia.) Hapo ndipo fadhila zinapozaliwa: mtu huyo hasengenyi barazani, na saburi yake hukomaa bila kufunga wala kuhiji. Akikosea akabonyeza Ctrl pamoja na R, amri inayorudisha kilichochaguliwa mahali pake pa mwanzo, na ikiwa alikuwa amechagua ukurasa mzima, kazi ya usiku wote hutoweka kwa kufumba na kufumbua, naye hufundishwa juu ya upitaji wa dunia somo ambalo mawaidha mengi hayajalifikia.

Nasaba ya kazi hii nayo si haba. Ottaviano Petrucci, aliyechapa muziki kule Venice mwaka 1501, aliipitisha karatasi ileile katika mtambo mara tatu, mara moja kwa mistari, moja kwa nota na moja kwa maneno, hivi kwamba karatasi ikiteleza kidogo tu, nota nzima ilibadilika jina. Adui wa kazi hii ni mpango wa alama kujipanga zenyewe, ulioingia katika MuseScore 3 mwezi Desemba 2018 na kutishia kuwanyang'anya walimu usiku wao. Bahati njema ni kwamba mpango huo haujapata kuisikia nzumari. Katika sengenya, ngoma ya Wadigo, ala hiyo ya kupuliza huteleza kutoka sauti hadi sauti kwa kupinda na kusitasita, ilhali programu kwa kawaida huuchora mtelezo kwa mstari ulionyooka kama rula, na kila ncha hubaki ikivutwa kwa mkono. Nayo alama ya pumzi, koma ndogo inayoning'inia juu ya mistari, hutafutiwa mahali kwa uangalifu mkubwa, ingawa mpiga nzumari hujaza hewa mashavuni na kuendelea kupuliza huku akivuta pumzi kwa pua, asihitaji ruhusa ya koma yoyote.

Kazi ikikamilika, nakala huchapishwa. Wanakwaya wengi hujifunza kwa sikio, au kwa solfa, mfumo wa kuandika sauti kwa herufi kama d, r na m, na siku ya mashindano huimba bila karatasi mkononi. Nakala safi hubaki kwa mwamuzi, ambaye, joto la Msambweni likizidi, huikunja katikati na kujipepea nayo, na mkunjo huo aghalabu hupita juu ya p ileile iliyoguswa mara kumi na nne.