Koo za Gharama: Uainishaji wa Matumizi ya Pikipiki ya Umeme, Tarime na Serengeti

Gharama za pikipiki ya umeme tumezigawa kwa koo, kama desturi ya huku inavyotaka. Asiyezijua hulipa ukoo mmoja akadhani amemaliza deni.

Ukoo wa kwanza ni wa LUKU. Ndio unaosifiwa kijiweni, nao ndio mdogo. Betri ya volti 72 na ampea-saa 45 hubeba uniti 3 na ushei. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, kama 356 baada yake, kuijaza ni shilingi 1,200 hivi. Lita moja ya petroli ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Ila ukoo huu una tawi lenye hila. Nyumba iliyo kwenye kundi la uniti ya shilingi 100 hairuhusiwi kupita uniti 75 kwa mwezi. Dereva anayejaza betri kila usiku humaliza zaidi ya 90 kabla hata taa haijawashwa. Ziada hulipiwa 350 kwa uniti, na anayezoea kuvuka huhamishwa kundi. Kuanzia hapo taa na redio navyo hupanda bei. Kitaalamu ongezeko hilo ni la pikipiki. Kijiweni huandikwa kwenye hesabu za mke.

Wapo wanaotaka kuingiza humu kodi ya jengo, ile 1,500 ya kila mwezi inayokatwa kwenye LUKU. Tunawakatalia. Nyumba ingeilipa hata kama ingefuga mbuzi.

Ukoo wa pili ni wa mpira na chuma: pancha, matairi, pedi za breki. Mwiba wa njia ya Nata hauulizi unatumia nini. Waliofariki ni oili, plagi na kabureta.

Ukoo wa tatu ni betri yenyewe. Huyu ni mzee asiyedai kila siku. Hunyamaza miaka, kisha hudai kama mahari, ng'ombe wote kwa pamoja. Kigali, ambako kampuni ya Ampersand ilianza kuwabadilishia madereva betri mwaka 2019, mzee ni wa kampuni. Anayechaji sebuleni kwake Mugumu anamtunza mwenyewe, na kila mshikaki unaopanda milima ya Tarime na gunia la mahindi juu yake humpunguzia umri.

Ukoo wa nne haujaandikwa popote, nao ndio mkali. Jirani huleta simu tatu kuchaji, "maana wewe una umeme." Shemeji huomba lifti hadi Nyamongo. Umeme ukikatika usiku kucha, bosi bado anataka hesabu yake jioni. Na abiria wa Sirari hutaja nusu ya nauli: "Mura, si huweki mafuta?" Dereva akianza kumfafanulia habari ya uniti 75, abiria hushuka, hupanda ya petroli, na kulipa nauli kamili bila ubishi.