Sifa za Gasketi Iliyoungua

Ziwa Viktoria halina uchoyo wa kumbukumbu. Rusinga pana kaburi la Tom Mboya lililojengewa jumba lake, na kisiwani Mfangano Abasuba wana Makumbusho ya Amani, karibu na michoro ya kale ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Lakini hakuna aliyekumbuka kuweka humo, ndani ya kasha la kioo, gasketi ya hedi iliyoungua. Hiyo ni dhuluma, kwa sababu hakuna mpatanishi aliyewahi kufika kisiwani humo akafanya kazi kwa kasi ya kipande hicho cha bati.

Asiyeijua na aelezwe. Injini ya gari ina bloku chini na silinda hedi juu. Katikati yake hulala gasketi, bamba jembamba lenye matundu, na kazi iliyopewa tangu kiwandani ni kutenganisha. Moto ukae ndani ya silinda, maji yafuate mifereji yake, oili ifuate yake. Watatu hao ni wapangaji wa nyumba moja, ukuta kwa ukuta, na hawajawahi kuombana hata chumvi.

Siku gasketi inapoungua, mipaka hufutwa. Moto hubisha hodi kwa maji, na rejeta ikaanza kutoa mapovu kama sufuria ya uji. Maji hurudisha ziara kwa moto, na bomba la nyuma likapumua moshi mweupe wenye harufu tamu tamu. Kisha maji na oili, ambao hata kwenye misemo ya watu hawapatani, hukumbatiana. Fungua kifuniko cha oili uone: rojo zito la rangi ya chai ya maziwa, ile chai ya kumkaribishia mkwe.

Taifa zima limehangaika kufikia hapo. Machi 9, 2018 mahasimu wawili walipeana mikono mbele ya Jumba la Harambee, na nchi ikashusha pumzi. Mwaka 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, watu wa upinzani waliingia baraza la mawaziri, na aliyewahi kuwa mbunge wa Suba Kusini, hapo ng'ambo tu ya maji, akakabidhiwa Hazina ya Taifa. Yote hayo yalihitaji wajumbe wa usiku, vikao na hotuba. Gasketi huunda serikali jumuishi kwa dakika kumi, katikati ya mlima, bila kikao hata kimoja, na hakuna anayeachwa nje: hata pistoni hupata mgao wake wa maji. Wenye roho mbaya watasema gari lenye umoja wa namna hiyo haliendi popote. Hilo halikanushwi. Ila ni lini umoja uliwahi kuahidi safari?

Fadhila zake nyingine zitajwe kwa kupita. Hupunguza ajali, maana gari lililosimama halimgongi mtu. Huimarisha miguu ya mwenye gari. Huleta wageni: inua boneti kando ya barabara ya Sena, hapo Mfangano, na kabla ya robo saa utakuwa na mvuvi, muuza omena, watoto wawili wa shule na mzee wa kanisa, wote madaktari, na kila mmoja ana ugonjwa wake aliougundua. "Omera, ni betri hiyo," atasema mmoja, huku mvuke ukimpofusha.

Hufundisha pia jiografia na historia. Gasketi mpya haioti Mfangano. Hufuatwa kwa boti hadi Mbita, kisha Homa Bay, kisha Kisumu, na ikikosekana huko hupigwa simu Nairobi, kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Jina hilo ni la Ewart Grogan, mlowezi aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, iliyokamilika mwaka 1900. Waliouita mtaa huo kwa jina la mtembea kwa miguu walijua wateja wake watakuwa kina nani.

Na nani mwingine angeonyesha kejeli ya kisiwa hiki? Mfangano imezungukwa na ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, la pili duniani kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na bado gari hufia hapo kwa kiu. Boti za wavuvi hupita zikinguruma. Injini zake hunyonya maji ya ziwa, hujipoza nayo na kuyatema. Juu kidogo ya ufuko, gari limekauka kwa kukosa lita mbili.

Sayansi yenyewe si ngumu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia maji ya injini yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta, kinachoyabana kwa shinikizo. Mpira wa kifuniko ukichoka, maji huchemka na kutoroka, hedi ya aluminiamu hupata joto kupita kiasi na kupinda, na gasketi iliyo chini yake hupoteza mshiko. Mlolongo wote huanzia kwenye kifuniko cha bei ya mlo wa mchana.

Hapo ndipo sifa zinapokwama kooni, kwa sababu gasketi haijawahi kujiunguza.

Mwandishi wa haya amebadilishiwa gasketi mara tatu, kwenye Probox ileile, na mara zote tatu aliambiwa gasketi ndiyo iliyokuwa mbovu. Mara ya kwanza fundi alitoa themostati na kuitupa kwenye nyasi. "Mwalimu, hii ni ya nchi za baridi. Huku haina kazi." Ina kazi! Hufunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu, ikaongoza mzunguko wake, na kwenye baadhi ya injini ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila kuiona rejeta. Mara ya pili bolti za hedi, zilizokwisha kuvutika, zilirudishwa zilezile na kukazwa kwa nguvu za bega, kuanzia ile iliyokuwa karibu na mkono. Kitabu cha gari husema zianzie katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia. Mara ya tatu hedi haikupelekwa kuchongwa. Hedi ya aina hiyo hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, wembamba wa unywele. Fundi aliipima kwa jicho, tena moja, lingine alilifumba. "Iko sawa kabisa." Ilidumu siku nane.

Haki itendeke hata hivyo. Fundi wa jua kali amejifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, na spana ya kupimia hana kwa sababu bei yake ni sawa na mapato yake ya siku nyingi. Yeye ana udhuru.

Udhuru haupo kwa wenye kila kitu. Ipo ofisi moja ya umma, isiyotajwa hapa, ambayo dereva wake aliripoti mpira wa rejeta unavuja. Ombi la mpira lilihitaji sahihi tatu, na mwenye sahihi ya pili alikuwa kwenye warsha. Mkubwa alikuwa na mkutano; gari likaendelea. Dereva alionyesha mshale wa joto ukipanda, akaambiwa akanyage tu, wamechelewa. Gari hilo sasa liko chini ya mti, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na barua iliyoandikwa kulihusu inasema chanzo ni "gasketi". Si ajabu ya ofisi moja: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hazichoki kutaja magari ya umma yaliyoachwa yakioza uani.

Wakati huohuo mwendeshaji wa kisiwani anakwea mawe kwa gia ya kwanza, injini ikilia, na kwa kila lita anayochoma amekwisha kulipa shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara, uliopandishwa kutoka shilingi 18 mwezi Julai 2024. Muda mfupi baadaye magavana na wabunge walivutana mahakamani kuhusu nani ashike shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo. Mawe hayakushtakiwa na yeyote, kwa hiyo yako palepale.

Probox iko nyuma ya nyumba. Mwandishi siku hizi hupanda boda, Boxer, ambayo injini yake hupozwa na upepo: haina rejeta, haina themostati, haina kifuniko cha kuchoka.

Gasketi ya hedi inayo.